Heshima kwa Mpinzani Asiyeonekana

Simu za mkononi zimeingia katika nyumba nyingi za mkoa wetu, na pamoja nazo umeingia mchezo wa sataranji, ambao vijana huuita chesi. Kijana aliyeketi Nyashimo aweza leo kucheza na mwenzake wa Nansio, pasipo mmoja wao kusafiri hadi Bunda, kushika njia ya Kisorya na kungoja kivuko. Kwa ndugu zetu wa visiwani, ambao kwao kila shindano la ng'ambo ni nauli na siku nzima ya safari, neema hii si ndogo. Lakini uwanja huu mpya hauna watazamaji, na hapo ndipo penye neno letu la leo.

Watu wa huku hawakungoja intaneti ili wajue adabu ya ushindani. Bao la kete 64, ambalo Wasukuma wana namna yao waiitayo isolo, huchezwa mbele za watu. Mzee aketiye pembeni humwona anayeficha kete mkononi, humwona anayejisahaulisha zamu, na humkanya papo hapo. Kejeli zipo, tena nyingi, lakini mpaka wake wajulikana na kila aliyepo. Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Nyerere, aliupenda sana mchezo huu. Na aketiye mbele ya ubao, awe nani, kete zake huhesabiwa kama za mtu mwingine yeyote. Hali kadhalika katika ngoma. Bagika na Bagalu wanaposhindana pale Bujora, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Manju hutupiana maneno makali, lakini umati una masikio, na manju aliyepita kiasi hujikuta akiimbia uwanja mtupu.

Kwenye simu hakuna mzee wa pembeni. Mchezaji aonaye kwamba mfalme wake hana pa kukimbilia huweka simu chini na kuiacha saa ya mchezo ijiendee, dakika tano, dakika kumi, akitumaini kwamba mwenzake atachoka na kuondoka. Wengine huandika matusi ambayo wasingethubutu kuyatamka chini ya mwembe. Wengine, nao ndio wabaya zaidi, huweka simu ya pili kando na kuiuliza programu hoja ya kucheza. Juu ya hao hatuna maneno mengi. Tangu mwaka 1997, mashine ya Deep Blue ilipomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov, dunia imejua nguvu ya mashine katika mchezo huu, na leo programu ya simu ya kawaida humshinda bingwa yeyote aliye hai. Atumaye mashine imchezee hajacheza.

Lililo gumu zaidi ni la mchezaji anayetoweka. Mtu aliyezima simu kwa hasira ya kushindwa, na mtu aliyekatikiwa na mtandao au umeme, kwenye kioo cha mpinzani wao ni kitu kimoja: kete zimesimama, saa inakwenda, jibu haliji. Wa kwanza ni mkimbizi. Wa pili hana kosa lolote. Nani atakayewatenganisha? Mchezaji wa mjini, ambaye mtandao wake haukatiki, huwa mwepesi kumwita mwenzake wa kisiwani mwoga, kisha hujitwalia ushindi na kwenda zake. Vyuoni tulifunzwa kumdhania mtu mema mpaka ubaya wake uthibitike. Funzo hilo latufaa sana hapa, kwa kuwa katika mchezo huu asiye na kosa ndiye mara nyingi aliye mbali na mnara.

Asidhani msomaji kwamba haya ni matatizo ya wanyonge peke yao. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipozuia safari, Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, liliandaa mashindano ya mataifa kwa njia ya intaneti. Katika robo fainali, mchezaji wa Armenia alipoteza mawasiliano akashindwa kwa saa. Nchi yake ikakata rufaa, rufaa ikakataliwa, na Armenia ikajitoa kwa uchungu. Siku mbili baadaye, tarehe 30 Agosti, India na Urusi zilikutana katika fainali. Hitilafu ya intaneti iliyozikumba nchi nyingi iliwakata wachezaji wawili wa India, na Urusi ikawa imeshinda. Safari hii rais wa FIDE, Arkady Dvorkovich, naye mwenyewe ni Mrusi, aliamua dhahabu wapewe wote wawili. Uamuzi huo ulikuwa wa kiungwana, na twausifu. Hata hivyo Muarmenia ana haki ya kuuliza kwa nini mlango uliofungwa kwake Ijumaa ulifunguliwa Jumapili. Yawezekana hali hazikuwa sawa. Lakini kanuni inayotafutwa baada ya ajali kutokea haiwezi kumridhisha aliyetangulia kuumia.

Shirikisho hilohilo lilikwisha kuonyesha kwamba adabu yaweza kuandikwa katika sheria. Mwaka 2007 liliamua kwamba anayekataa kumpa mpinzani mkono kabla ya mchezo aweza kuhesabiwa ameshindwa. Januari 2008, huko Wijk aan Zee, Uholanzi, Ivan Cheparinov alikataa mkono wa Nigel Short. Mwamuzi akampa Short ushindi; kamati ya rufaa ikataka mchezo uchezwe; Short akacheza na akashinda. Wapo waliocheka kuona mambo makubwa yakifanywa kwa ajili ya mkono. Sisi hatukucheka. Asiyetaka kumwamkia mpinzani wake angoje nini kwake baadaye?

Kwenye simu hakuna mkono wa kupeana, lakini salamu yaandikika, na kushindwa kwaweza kukubaliwa kwa kubonyeza mara moja, bila ya kumchosha mtu. Uwanja wa bure uitwao Lichess una hata alama ambayo mchezaji akiibonyeza humwongezea mpinzani wake sekunde 15. Mwenye kuona kwamba mwenzake alikatikiwa akarudi amebakiwa na pumzi chache, na amwongezee.

Twawaomba maafisa utamaduni na michezo wa Busega na wa Ukerewe, pamoja na walimu wa shule, kwamba wakiandaa mashindano ya namna hii waandike kanuni ya kukatika kwa mawasiliano kabla ya mchezo wa kwanza, kwa Kiswahili, na kila mchezaji asomewe. Kanuni hiyo iseme mchezaji aliyekatikiwa atangojwa dakika ngapi, mchezo utarudiwa lini, na nani mwamuzi. Wachezaji wa kila upande wakusanywe katika chumba kimoja, shuleni au katika ofisi ya kata, chini ya msimamizi ambaye simu yake ina namba ya msimamizi wa ng'ambo ya pili. Umeme ukikatika Nansio, mtu wa Nyashimo aambiwe mara moja kwamba umeme umekatika.