Korbani ya Siasa

Wasomaji wetu, liko jambo katika kisiwa chetu cha Unguja lisilotupendeza hata kidogo. Kijana Mkristo, aliyebatizwa na kupata kipaimara, haendi tena kumwamkia baba yake, kwa kuwa mzee yu katika chama kingine. Akiulizwa hujibu, "Hatupatani kwa siasa." Je, amri ya tano ilitaka mpatane?

Ugonjwa huu si mgeni. Baada ya uchaguzi wa kwanza, Julai 1957, wafuasi wa Afro-Shirazi na wa Hizbu walisusiana madukani, wala hawakuzikana. Juni 1961 fujo za uchaguzi ziliua watu 68. Vyama vingi viliporudi, na uchaguzi wa 1995, chuki ilifufuka. Kura ya maoni ya 31 Julai 2010, iliyokubaliwa na watu 66 katika kila 100, iliwakalisha wakubwa katika serikali moja. Lakini ziko nyumba ambazo baba na mwana hawajakaa mkeka mmoja.

Tusome Marko, sura ya 7. Bwana wetu aliwakuta waalimu wa sheria wakimruhusu mtu kumnyima mzazi wake riziki, madhali amelitaja neno Korbani, yaani mali hii ni wakfu. Hakuwalaumu kwa kumtolea Mungu. Aliwalaumu kwa kumfanya Mungu kufuli ya ghala. Ikiwa hekalu lenyewe halikuwa udhuru, chama kitakuwaje?

Wako watakaotujibu kwa Mathayo 10, kwamba ampendaye baba kuliko Kristo hamstahili. Ni kweli. Lakini Bwana aliyasema hayo kwa nafsi yake; hakumwachia katibu wa tawi ayaseme.

Hatusemi mtoto apige kura ya baba yake. Kura ni siri ya dhamiri, na mzee amlaaniye mwanawe kwa kura twamlaumu vilevile. Twataka shikamoo ya asubuhi, kibaba cha mchele, dawa, na siku ikifika, sanda.

Nasi wa kanisa hili tungalikuwa wa mwisho kukosa hapa. Kanisa kuu la Mkunazini, lililowekewa jiwe la msingi Krismasi 1873, lasimama palipokuwa soko la watumwa. Na huko Mbweni walilelewa watoto waliokombolewa, ambao hawakuwaona tena wazazi wao. Wale walinyang'anywa baba zao kwa nguvu. Sisi twawatupa wetu kwa hiari, kwa ajili ya bendera.

Aliyekasirishwa na maneno haya na atuandikie. Lakini kwanza aende kwao akaamkie.