Kumwita Binti Kazini Hakutoshi

Kila mwenye kuzungumza siku hizi juu ya wanawake na kazi ya kutengeneza michezo ya kompyuta aghalabu huanza na mwaliko: wasichana na waje, wafundishwe kuandika programu, walipiwe karo, wapewe na zawadi. Mwaliko ni jambo la heri, wala simlaumu autoaye. Walakini tarikhi ya kazi hii yashuhudia kwamba wanawake walikuwamo tangu zama za mwanzo, wakaifanya kwa ufundi usio na shaka, kisha wengi wakatoka, na maadamu hatujashughulika na sababu za kutoka kwao, karo zote tulipazo ni kuchota maji kwa pakacha.

Carol Shaw aliingia kampuni ya michezo ya Atari, huko California, mwaka 1978, akitoka Chuo Kikuu cha Berkeley, na mwaka 1982, akiwa amekwisha kuhamia kampuni ya Activision, akatoa River Raid, mchezo wa ndege ipaayo juu ya mto huku mafuta yake yakipungua na maadui wakiijia kwa mbele. Kaseti ya mchezo ule ilikuwa na nafasi ya kilobaiti 4 tu, isiyotosha leo hata picha moja ya simu, na mto mrefu namna ile haungeweza kamwe kuhifadhiwa humo. Kwa hiyo akaandika hesabu iliyouzaa mto kipande kwa kipande, kingo zake, visiwa vyake na madaraja yake, nao ukatoka vile vile kila mara mchezo ulipoanzwa. Wakati huo huo Dona Bailey, aliyeajiriwa na Atari mwaka 1980, alikuwa mwandishi wa programu mwanamke pekee katika idara ya mashine za kuchezewa kwa sarafu, na pamoja na Ed Logg akabuni mchezo wa Centipede, uliowavuta wanawake wengi kwenye mashine hizo. Haukupita muda mrefu akaiacha kazi hiyo, na baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu huko Arkansas.

Activision yenyewe ilianzishwa mwaka 1979 na waandishi wanne wa programu waliojitenga na Atari, kwa kuwa michezo yao iliuzwa kwa mamilioni ya dola na wao hawatajwi wala hawagawiwi faida. Walijua thamani ya jina. Katika kazi hii, orodha ya majina ionekanayo mchezo umalizikapo ndiyo shahada ya mtu: kwa hiyo huajiriwa, kwa hiyo hupandishwa cheo. Hata leo, aondokaye kabla ya mchezo kutolewa, awe amejifungua, ameugua au amechoshwa na maudhi, huenda akakuta jina lake limefutwa, na miaka yake ya jasho haina ushahidi. Hiyo ni dhuluma, nami siioni ndogo.

Yasikitisha basi kwamba kampuni iliyozaliwa kwa kudai haki ya watengenezaji, baada ya kukua na kuitwa Activision Blizzard, ilishtakiwa na jimbo la California mwezi Julai 2021 kwa madai kwamba wanawake walilipwa pungufu, wakacheleweshwa vyeo na kuudhiwa kazini. Kampuni ilikana, Desemba 2023 pande mbili zikasuluhishana kwa takriban dola milioni 54, na madai ya unyanyasaji ulioenea yakaondolewa. Kampuni ya michezo ya Riot Games nayo, mwishoni mwa 2021, ilikubali kutoa dola milioni 100 katika shauri la namna hiyo, milioni 80 kati yake zikiwa za wanawake waliofanya kazi humo. Fedha hizo ni faraja, lakini ni faraja ya baada ya msiba.

Kuna msaada ulio bora zaidi. Mjini Montreal, mji wenye watengenezaji wengi wa michezo, jumuiya ya Pixelles ilianzishwa na wanawake walio ndani ya kazi. Humshika mkono mgeni hata amalize mchezo wake wa kwanza, kisha humkutanisha na mkubwa wa kazi awezaye kumwongoza. Mkubwa huyo ndiye amwambiaye binti mshahara upi ni stahiki yake, mkataba upi asiutie saini, na bwana yupi asifanye kazi chini yake, habari ambazo hazimo katika kitabu chochote cha darasani.

Huku kwetu, Nairobi na Dar es Salaam, kazi hii ingali changa, na vikundi vyake ni vya watu wachache walipwao kwa kipande. Sheria ya Tanzania humpa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi kwa malipo, na ya Kenya miezi mitatu. Lakini binti alipwaye kwa kipande, asiye na mkataba wa ajira, kwa kawaida hazimfikii haki hizo, tena majuma ya kukesha kabla ya mchezo kutolewa hayamsubiri mzazi. Wenye vikundi hivyo wana wasaa wa kuandika mapema, mambo yangali madogo, ujira, likizo na haki ya jina, kabla desturi mbaya haijaota mizizi. Nanyi wakuu wa vyuo na wafadhili, kabla hamjatangaza nafasi nyingine za wasichana, watafuteni wale mliowafundisha miaka mitano iliyopita, muwaulize wako wapi leo, na walioiacha kazi waliiacha kwa sababu gani.