Usibadilishe kalibu na udongo siku moja

Haya wasomaji, leo tuweke tarakilishi kando kidogo. Nataka kugombana na watu wanaodhani dawa ya kila jiko bovu ni kalibu mpya.

Nazungumzia lile jiko la makaa lenye bati nje na udongo ndani. Pita Kawangware, kutoka 46 hadi Congo, uyaone yamepangwa kando ya barabara. Huo udongo wa ndani, yaani laina, hutoka kwenye kalibu. Laina ikipasuka baada ya wiki tatu, au ikicheza ndani ya bati kama jino bovu, utasikia hukumu ile ile: "Kalibu imechakaa, leta nyingine." Inaletwa. Mwezi unaofuata laina bado zinapasuka, ila sasa zinapasukia mahali pengine. Hongera!

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Programu inakwama, mtu anabadilisha seva, hifadhidata na nusu ya msimbo usiku mmoja. Asubuhi inafanya kazi, au haifanyi, na hakuna anayejua kwa nini.

Jiko lenyewe halikupatikana hivyo. Lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, likaundwa upya hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa nishati mpya hapa Nairobi (Agosti 1981). Laina za mwanzo zilipasuka. Watu wakajaribu, wakapima, wakarekebisha, mpaka likapata kile kiuno chembamba tunachokijua. Likitengenezwa vizuri linaweza kuokoa kati ya theluthi moja na nusu ya makaa ukilinganisha na lile la bati tupu. Zingatia hayo maneno: LIKITENGENEZWA VIZURI.

Sasa tuje kwa kalibu. Udongo hunywea mara mbili: ukikauka, na ukichomwa. Kwa hiyo kalibu hufanywa kubwa kuliko laina unayoitaka. Lakini fundi akikosa kalibu hufanya nini? Huchukua laina nzuri iliyokwisha kuchomwa, anatoa kalibu kutoka kwayo. Tuseme udongo wake hunywea asilimia 8. Laina ya milimita 200 inazaa kalibu ya 200, na hiyo kalibu inazaa laina ya 184. Jirani naye ananakili hiyo ya 184, anapata 169. Bati halijabadilika hata kidogo! Pengo linajazwa saruji, chumba cha makaa kinapungua, na sufuria haikai tena pale ilipopaswa kukaa juu ya moto. Ni kama kurekodi kaseti kutoka kwa kaseti iliyorekodiwa kutoka kwa kaseti.

Kwa hivyo ndiyo, kalibu ni muhimu. Ugomvi wangu ni kwamba haifanyi kazi peke yake. Udongo wenye mchanga zaidi hunywea kidogo. Udongo wenye maji mengi hunywea sana. Tanuri lina upande wa moto mkali na upande wa moto hafifu. Ukibadilisha kalibu wiki ile ile uliyopata udongo kutoka shimo jingine, umejifunza nini? Hakuna.

Huko Marekani kuna watu wanaojitengenezea risasi za bunduki kwa kumimina madini ya risasi kwenye kalibu. (Hapa kwetu ukifanya hivyo bila kibali ni kesi, kwa hiyo tusome tu.) Wao wanajua kwamba kalibu mbili zenye namba moja zaweza kutoa risasi zenye vipenyo tofauti, na kwamba kalibu moja hutoa vipenyo tofauti ukibadilisha mchanganyiko wa madini au joto lake. Mwerevu kati yao hubadilisha kitu kimoja, kisha anapiga risasi nyingi kabla ya kuhukumu. Mjinga hubadilisha kalibu na baruti pamoja, anapiga tatu, anatangaza matokeo.

Basi fanyeni hivi:

1. Udongo wa rundo moja, uliokandwa siku moja.
2. Laina 20 kutoka kalibu ya zamani, 20 kutoka mpya. Kila moja iwe na alama chini.
3. Zichanganywe ndani ya tanuri, zisitengwe upande huu na ule.
4. Zikitoka, pima vipenyo, hesabu zilizopasuka, andika.

Mtu ataniambia fundi hana pesa za utafiti. Utafiti gani? Hizo laina 40 angezitengeneza tu na kuziuza. Gharama ni alama na daftari. Mwingine ataniambia fundi ana jicho. Naliheshimu sana jicho la fundi, lakini jicho halikumbuki laina ya mwaka jana ilikuwa na upana gani. Pete mbili za chuma hukumbuka: laina nzuri ipite kwenye pete kubwa na ikwame kwenye ndogo. Hizo pete fundi yeyote wa jua kali anazikata kabla ya chai ya saa nne. Na msiniambie kuna viwango vya KEBS. Karatasi iliyo ofisini haipimi laina iliyo kibandani.

Anayelipia uvivu huu ni mama anayenunua makaa kwa mkebe. Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na bei ya makaa ikapanda, yule mwenye laina legevu aliumia mara mbili: kwa bei, na kwa joto lililopotelea pembeni. Fundi naye anapoteza jina, ilhali kosa huenda lilikuwa la ndoo moja ya maji iliyozidi.

Ukisikia kikundi kinachanga pesa za kalibu mpya, uliza swali moja kabla ya kutoa yako: ile ya zamani ilipimwa lini?