Faili la bei ulilopewa bure linaweza kukula mtaji

Wapambanaji wenzangu, leo naongea na wewe unayeuza mtandaoni na kuandika stoku yako kwenye Excel. Kama kila ukifungua faili lako kinatokea kile kimeseji cha "Update" au "Don't Update", na wewe unabonyeza tu ili kiondoke, soma hii mpaka mwisho. Mimi nilikibonyeza miezi mitatu.

Niko Mbagala, nauza chupa za chai na vyombo vya plastiki. Mzigo nachukua Kariakoo, wateja nawapata Instagram na WhatsApp. Excel sijasomea popote, nimeishia form four, mengine nimejifunza kwa kubonyezabonyeza. Nilipoanza, rafiki yangu anayeuza bidhaa kama zangu kule Tandika alinipa faili lake. Zuri kweli, bei ya kuuza inajitokeza yenyewe.

Kitu ambacho sikujua ni kwamba bei zake za kununulia alikuwa kaziweka kwenye faili lingine, liko kwenye laptopu yake. Kolamu ya bei ya kuuza ilikuwa inasoma kule, sio kwenye shiti yangu.

Sasa bei ikapanda. Chupa ya lita mbili ikatoka 14,000 mpaka 17,500 kwa jumla. Nikaandika 17,500 kwenye shiti yangu, nikaridhika. Bei ya kuuza ikabaki 18,000 ile ile, na mimi wala sikushtuka. Aliyeshtuka ni mdogo wangu anayepeleka mizigo: "Dada, hii chupa si tumenunua kumi na saba na nusu? Sasa tukiuza kumi na nane tunapata nini?"

Nilikuwa nimeshauza 23. Faida yangu ya kawaida ni 4,000 kwa chupa, yaani ningepata 92,000. Nilipata 11,500. Hapo sijatoa vifungashio wala bando.

Ubaya wa hizi linki ni kwamba hazipigi kelele. Excel ikikosa faili inalosoma, inaweza kukuonyesha tu namba ya mwisho iliyoihifadhi. Ukiangalia unaona namba safi kabisa, kumbe ni ya zamani.

Msimamo wangu ni huu: bei yako isikae kwenye faili la mtu mwingine, hata awe rafiki wa kufa na kuzikana. Najua kuna watakaosema linki zina faida, maofisini wanazitumia kila siku. Sawa, lakini kule mafaili yanakaa sehemu moja na kuna mtu wa kuyatunza. Letu sisi linatoka WhatsApp, linaingia kwenye flashi, linabadilishwa jina, kesho liko kwenye laptopu ya kuazima. Linki haiwezi kuishi maisha hayo. Shiti moja ya BEI ndani ya faili lako inatutosha.

Jinsi ya kuzitoa, fanya hivi. Tumia laptopu, hata kama ni ya steshenari:

1. Hifadhi kopi kwanza kwa "Save As". Usiruke hatua hii, utaona kwa nini.

2. Nenda "Data", tafuta "Edit Links". Kwenye Excel mpya imeandikwa "Workbook Links". Hapo utaona majina ya mafaili ambayo faili lako linayategemea. Mimi nilikuta mawili, moja hata mwenyewe rafiki yangu kalisahau.

3. Tafuta linki zilipo. Bonyeza Ctrl+F, andika .xls, fungua "Options", kwenye "Within" chagua "Workbook", kwenye "Look in" chagua "Formulas", halafu "Find All". Utaletewa kila seli inayosoma faili la nje.

4. Rekebisha bei KABLA ya kukata. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Ukibonyeza "Break Link", Excel haikuletei bei sahihi. Inachukua namba iliyopo pale na kuigandisha, fomula inafutika, na huwezi kurudisha nyuma. Kama pale kuna 14,000 ya zamani, umeigandisha hiyo hiyo. Kwa hiyo seli za bei zielekeze kwanza kwenye shiti yako, ndipo ukate zilizobaki.

5. Hifadhi, funga, fungua tena. Kimeseji kikirudi, nenda "Formulas" kisha "Name Manager", angalia jina lolote linaloelekeza kwenye faili la nje, ulifute kama hulitumii. Angalia pia zile orodha za kuchagua ndani ya seli na chati kama unazo. Linki hupenda kujificha huko.

Kuna jambo lingine lililonitisha zaidi ya hizo chupa. Faili lenye linki linaweza kubeba ndani yake namba lilizosoma kwenye faili lingine, pamoja na jina la folda zilikotoka. Sasa fikiria unamtumia wakala wako wa Tegeta orodha ya bei, kumbe humo ndani kuna bei zako za kununulia. Anayejua pa kuangalia anaziona. Siku akikwambia "boss, punguza, mbona unachukua kwa 14?" usimtafute mchawi. Faida yako umemtumia mwenyewe.

Ndiyo maana siku hizi mteja au wakala namtumia PDF au picha ya bei. Faili la Excel linabaki kwangu.

Rafiki yangu wa Tandika simlaumu, alinisaidia kwa moyo mweupe, na faili lake bado nalitumia. Kosa lilikuwa langu, kupokea kitu bila kukichungulia. Ukiletewa mzigo Kariakoo unafungua boksi, unahesabu, unaangalia kama kuna kilichovunjika. Na faili la kupewa lifungue hivyo hivyo.

Leo kabla hujapokea oda nyingine, chagua bidhaa tatu. Badilisha bei ya kununulia kwenye shiti yako, uone kama bei ya kuuza inatembea. Ikigoma kutembea, huenda inasoma kwa mtu mwingine.