Mashine Iliyozimwa Bado Yadai
Wapo wanaodhani kwamba kompyuta ya kukodi kwa njia ya intaneti ikizimwa, deni nalo limekoma. Sivyo. Mashine haitozwi tena, lakini diski iliyohifadhi data zake huendelea kulipiwa. Tena, tangu Februari 1, 2024, Amazon Web Services hutoza nusu senti ya dola kwa saa kwa kila anwani ya umma ya IPv4, itumike isitumike. Nusu senti! Mwezi wa siku 30 una saa 720. Anwani 20 zilizosahauliwa zitameza dola 72, nazo ni fedha za kigeni. Bei hiyo haikufichwa. Mwenye kuulizwa ni mkuu wa ofisi atiaye sahihi ankara pasipo kumwuliza fundi kipi kimezimwa tu na kipi kimefutwa.