Wiki ya mvua: mtoto anavuka wapi?

Jumapili jioni kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la pili linaanza kulia. Mmoja ametuma picha ya ramani ya Tanzania, ukanda wa pwani umepakwa rangi ya njano. Tarehe haisomeki. Chini yake maswali yanafuatana. "Jamani, kesho shule ipo?" "Hii ramani ni ya lini?" "Mama Junior, dereva wenu amesemaje?"

Hadi saa nne usiku watu wameandika wee, na hakuna aliyeamua kitu. Alfajiri, saa kumi na moja na nusu, kila mzazi anachungulia dirishani kwake. Anaona manyunyu tu. Anamvalisha mtoto sare, anamfunga koti na kumtoa.

Hivyo ndivyo masika yanavyopita katika nyumba nyingi. Msimu huu wa Machi hadi Mei unahusu pwani ya kaskazini, yaani Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Unguja, Pemba na kaskazini mwa Morogoro; mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara; ukanda wa Ziwa Victoria; na kaskazini mwa Kigoma. Jijini Dar es Salaam, Aprili ndio mwezi ambao kwa kawaida mvua hunyesha kwa wingi kuliko miezi mingine yote. Kwa hiyo mzazi hana haja ya kusubiri ramani ili ajue kwamba wiki ya mvua inakuja. Swali ni kama nyumba yake imeshaamua la kufanya ikifika.

Rangi zinasema nini

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa kila siku, utabiri wa siku kumi, na pia taarifa ya hali mbaya ya hewa inayotazama siku tano mbele. Hiyo ya siku tano ndiyo yenye rangi, na ndiyo inayomfaa mzazi anayepanga wiki.

Njano ni angalizo. Chungwa ni tahadhari. Nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini ya ramani huandikwa mambo mawili ambayo watu wengi huyaruka: uwezekano wa hali hiyo kutokea, na kiwango cha athari zake. Ndiyo maana njano si "hakuna shida". Inamtaka mtu ajiandae, hasa kama anakaa bondeni au mtoto wake anapita bondeni.

Taarifa ikisema "mvua kubwa", TMA ina maana ya mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 zinaonekana kidogo kwenye rula ya mtoto. Lakini milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Nyumba yenye paa la mita 6 kwa 10 inapokea lita 3,000, sawa na ndoo 150 za lita 20, kutoka bati moja tu. Zidisha kwa mtaa mzima, ongeza barabara na viwanja vilivyosakafiwa ambako maji hayawezi kuzama ardhini, halafu yote hayo yatafute mtaro mmoja uliojaa mifuko ya taka.

Jambo jingine ni tarehe. Ramani ya mwaka juzi inaweza kurudi kwenye simu mwaka huu ikiwa na ujumbe wa kutisha juu yake. Kabla ya kuisambaza, mzazi aangalie siku na mwezi, kisha aifananishe na taarifa ya TMA yenyewe, redioni au kwenye kurasa zao. Kundi likizoea ramani za uongo, siku ya ramani ya kweli hakuna atakayeshtuka.

Mvua ya mbali, maji ya hapa

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mafuriko ya mjini usemi huo hautoshi, kwa sababu mawingu yanaweza kuwa juu ya watu wengine na maji yakaja kwako.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini. Ikinyesha usiku huko juu, asubuhi Kariakoo inaweza kuwa na jua huku Jangwani maji yamefunika Barabara ya Morogoro. Arusha nako makorongo yanayokatiza mitaa hupokea maji yanayoshuka kutoka miteremko ya Mlima Meru. Korongo lililokuwa kavu jioni linaweza kujaa alfajiri bila mvua ya maana kunyesha mtaani.

Aprili 12, 2024, asubuhi ya Ijumaa jijini Arusha, basi lililokuwa likipeleka wanafunzi shuleni lilisombwa na maji kwenye korongo, na watoto wakapoteza maisha. Wiki mbili baadaye, Aprili 25, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule, zilizochangiwa na El Niño, zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Jirani zetu Kenya, mwezi huohuo, walilazimika kusogeza mbele ufunguzi wa shule nchi nzima kwa sababu ya mafuriko.

Kwa hiyo kuchungulia dirishani hakutoshi. Dirisha linamwonyesha mzazi mvua iliyopo uani kwake. Halimwonyeshi kivuko ambacho mtoto atakipita dakika ishirini baadaye.

Maswali matatu ya Jumapili

Familia inayotaka kulala vizuri wiki ya mvua inaweza kukaa mezani dakika kumi baada ya chakula cha jioni na kujibu maswali matatu.

La kwanza: mtoto anavuka wapi? Si "anapanda basi la shule" wala "anaenda na wenzake". Ni daraja lipi, kalavati lipi, mtaro upi, njia ipi ya mkato. Wazazi wengi hawajui, kwa sababu hawajawahi kuipita njia hiyo na mtoto. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuichora kwenye karatasi, na mara nyingi mchoro huo una kitu ambacho mama hakukijua: ubao uliolazwa juu ya mtaro, au mawe ya kurukia.

La pili: nani ana ruhusa ya kusema leo haendi? Katika nyumba nyingi baba ametoka saa kumi na moja kuwahi foleni, mama yuko njiani, na anayemkabidhi mtoto kwa dereva ni dada wa kazi au bibi. Huyo ndiye anayeyaona maji. Kama hajaambiwa waziwazi kwamba anaweza kumzuia mtoto bila kugombezwa, atamtoa. Aambiwe mapema, tena mbele ya mtoto: "Dada, ukiona maji yamefika kwenye jiwe lile, hakuna shule. Usinisubiri nipokee simu."

La tatu: ikinyesha mchana, mtoto anabaki wapi? Mvua nyingine huanza saa saba, watoto wakiwa darasani. Hapo hatari iko kwenye kurudi. Mzazi azungumze na mwalimu wa darasa kabla ya siku hiyo, akubaliane naye kwamba mtoto asiachiwe kutembea peke yake, na amtajie jina la mtu mmoja au wawili tu wanaoweza kumchukua. Shangazi anayekaa upande wa shule, ambako hakuna mto wa kuvuka, anaweza kumlaza mtoto usiku mmoja. Sare ya pili na mswaki vikae kwake tangu Jumatatu.

Simu kwa dereva

Kuna mazungumzo ambayo wazazi wengi huyakwepa, nayo ni ya dereva wa basi la shule, wa bajaji au wa bodaboda.

Siku za kawaida wazazi humpigia kwa jambo moja: kuchelewa. "Kaka, mbona hujafika?" "Mtoto ana mtihani saa mbili." Dereva akisikia hivyo wiki nzima, siku ya maji anafika kwenye daraja akiwa na sauti za wazazi kumi na tano kichwani. Anaona gari lililo mbele limepita. Naye anapita.

Maji yanayokwenda kasi hayahitaji kina kirefu. Sentimita 15, chini ya nusu ya goti la mtu mzima, zinaweza kumwangusha anayetembea. Sentimita 30 zinaweza kusogeza gari dogo. Sentimita 60 zinaweza kubeba hata gari kubwa la abiria wachache. Na maji ya tope hayaonyeshi kama barabara bado ipo chini yake. Kwa mtoto wa miaka saba, maji yanayomfika baba yake chini kidogo ya goti tayari ni mengi mno.

Ndiyo maana simu ya Jumapili ina thamani kuliko ya Jumatatu. Maneno yake ni machache: "Kaka, habari za jioni. Wiki hii wametabiri mvua. Ukikuta maji yamepita juu ya daraja, usivuke. Geuza, au paki mahali pa juu, unipigie. Wakichelewa hakuna atakayekulaumu." Wazazi wa basi moja wakikubaliana na mmoja wao akayatuma kwa niaba ya wote, dereva anakuwa na kitu cha kujitetea hata kwa mwajiri wake. Shule nayo ikubali kwamba siku ya tahadhari mtoto aliyechelewa hapigwi wala hafukuzwi getini. Hilo wazazi waliombe kwenye kikao, kwa heshima, kabla mvua haijazidi.

Watoto nao wapewe sheria fupi wanayoweza kuikumbuka: maji yanayotembea hayachezewi, mtaro uliofunikwa na maji haurukwi, waya uliodondoka hauguswi. Ngurumo zikisikika, wote waingie ndani ya jengo, wasijikinge chini ya mti, na wasitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Mkubwa ajue pia namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na namba ya simu ya mzazi mmoja aikariri kichwani, maana simu za kuazima hazina majina yaliyohifadhiwa.

Jua likirudi

Mvua ikikatika, nyumba husahau haraka. Lakini wiki ya pili ina kazi yake. Mbu huhitaji kati ya siku saba na kumi na nne hivi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo maji yaliyotuama Jumatano ndiyo mbu wa wiki moja au mbili zinazofuata. Mbu wa dengi hupenda maji masafi yaliyobaki kwenye makopo, matairi na sahani za maua, na huuma mchana, wakati chandarua kimekunjwa. Watoto wakipewa kazi ya kumwaga makopo uani kila Jumamosi, wanaifanya kama mchezo.

Maji ya kunywa yachemshwe hata kama bomba halijabadilika rangi, kwa kuwa vyoo vikifurika, visima na mabomba yaliyopasuka huchafuka. Mtoto akiharisha maji mfululizo apewe ORS na apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Akipata homa, apimwe kabla ya kupewa dawa iliyobaki kwenye kabati.

Na wiki ikapita bila mvua kubwa? Inawezekana. Utabiri ni uwezekano, na wiki nyingine mawingu huishia baharini. Nyumba iliyojiandaa itakuwa imepoteza dakika kumi za Jumapili na simu moja. Sare bado itakuwa kwa shangazi, dada bado atakuwa anajua jiwe lake, na dereva atakuwa amesikia mara moja kutoka kwa wazazi kwamba kuchelewa si kosa.