Tatizo Siyo Miguu ya Twiga, Tatizo Fremu!

Wadau, kuna jamaa mmoja wa Tabora mjini, miguu mirefu kama twiga, kiwiliwili kifupi. Kavuta baiskeli ya mbio ya mtumba, akapania kufika Urambo kwa Mirambo, karibu kilomita 90, kwa ile njia ya zamani ya misafara ya Ujiji. Hajafika hata nusu, mgongo unawaka moto, vidole vimekufa ganzi. Washkaji wakamcheka: "Mwili wako hauna saizi!" Sasa anasema hapandi tena.

Hapo washkaji wamechemka. Mbona Phoenix haimuumizi? Kwa sababu usukani wake umerudi nyuma. Hii ya mbio alipimiwa miguu tu, bomba la juu likawa refu mno kwake. Siti inapandishwa, shingo ya usukani inabadilishwa, lakini fremu haifupishwi.

Mwenye umbo lile atafute fremu yenye bomba fupi la juu na mbele iliyonyanyuka. Kabla hujatoa hela, panda, shika usukani: viwiko vikikunjika kidogo bila mgongo kuvutika, hiyo yako.

Jamaa aiuze, sawa, ila asiache kuendesha kisa kejeli. Au mnasemaje wadau?